Restuta Kokuberwa, Aliyeichekesha Nchi Bila Kuiona Filamu Yake

Baba Paroko, waheshimiwa viongozi wa kata na kitongoji, majirani, wakwe, na ninyi nyote mliofika kutushika mkono, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi naitwa Anonciata, mwalimu mkuu mstaafu, ni wifi yake marehemu, yaani dada wa mume wake, na kazi hii ya kusoma ilikuwa ya mwanawe Edgar, lakini marehemu mwenyewe alisema Edgar ana sauti ya kutangaza mnada, akaagiza nisome mimi. Naomba wale mliosimama nyuma mkae, viti vipo, maana maisha ya mtu huyu hayasikilizwi kwa mguu mmoja.

Marehemu Restuta Kokuberwa alizaliwa tarehe 14 Agosti 1954 katika kijiji kimoja cha Chonyonyo, wilayani Karagwe, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Adelard na Mama Kemirembe, wakulima wa kahawa na migomba, wote wametangulia mbele za haki. Wengi wenu mnamjua kama Mama Purukushani, na wengine nimewasikia tangu jana mkiulizana kama hilo ndilo jina lake la ubatizo, basi leo mjue kwamba hilo ni jina la kazi, alilipata kwenye filamu, zama ambazo filamu za kuchekesha za kwetu zilihesabika kwa vidole. Na mjue pia jambo ambalo sisi wa nyumbani tuliishi nalo, kwamba mama huyu aliyewavunja watu mbavu kutoka Kagera mpaka Songea alikaa zaidi ya miaka hamsini akitamani kitu kimoja tu, kuiona filamu yake, na kila alipoikaribia ikamponyoka.

Alianza masomo ya msingi mwaka 1962 katika shule ya misheni iliyokuwa karibu na kwao, akamaliza darasa la saba mwaka 1968, na ingawa hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, masista walimpokea mwaka 1970 kwenye mafunzo ya maarifa ya nyumbani, akajifunza kushona, kupika na kulea, akahitimu mwaka uliofuata. Kipaji chake kilionekana kwanza kanisani, Noeli ya mwaka 1972, alipopewa nafasi ndogo ya mke wa mwenye nyumba ya wageni anayewafukuza Yosefu na Maria, akawafukuza kwa bidii na kwa Kinyambo kitamu kiasi kwamba waamini walisahau walikuwa wanasali, na padre wa wakati ule, ambaye hakuwa mtu wa kucheka ovyo, ilibidi ajifunike uso kwa kitabu cha misa.

Mwezi Julai 1974 walifika Chonyonyo wapiga picha za filamu, watu wanne na gari lao, wakitengeneza filamu ya kuwafundisha wakulima kutoanika kahawa chini kwenye vumbi. Mwigizaji waliyekuja naye kutoka mjini alipoiona barabara ya kwetu na mbuzi wa kwetu, aliumwa kichwa kisichosikia dawa, akalala siku mbili. Siku ya tatu Restuta alikuwa jikoni akiwapikia wageni ndizi, mbuzi wa jirani akapanda juu ya kahawa iliyoanikwa, naye akatoka mbio na mwiko mkononi, akimtukana mbuzi yule pamoja na ukoo wake, na mpiga picha, badala ya kumsaidia, akawasha mashine. Jioni hiyo hiyo wakaenda kumwomba kwa Mzee Adelard, wakiwa wamevaa makoti, kama watu waliokuja kuposa, na mzee akakubali kwa sharti kwamba binti yake asishikwe mkono na mwanamume yeyote ndani ya hiyo picha.

Hivyo ndivyo Mama Purukushani alivyozaliwa. Mume wake wa kwenye filamu alikuwa fundi cherehani aitwaye Nsabimana, mtu mpole mwembamba, na kwa sababu ya lile sharti la Mzee Adelard hakumgusa hata mara moja, ikabidi ugomvi wao wote uwe wa kukimbizana, na nadhani hilo ndilo lililoifanya filamu ichekeshe. Mwishoni Mama Purukushani anamkimbiza mbuzi, mbuzi anapita katikati ya wanaume wanaokamua ndizi, naye anateleza na kutumbukia mzima mzima kwenye mtumbwi, lile gogo lililochongwa tunalokanyagia ndizi za pombe. Wapiga picha walitaka mtumbwi ujazwe maji, lakini wazee wa Chonyonyo walikataa kata kata, wakasema hakuna Mnyambo atakayedanganyika kwamba ule ni muramba, wakatoa juisi ya ndizi halisi, mtumbwi mzima. Alitumbukia mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza aliibuka anacheka, na nzi walimfuata mpaka Jumapili.

Tarehe 5 Oktoba 1974 marehemu alifunga ndoa takatifu na kaka yangu Privatus Mugisha, karani wa mnunuzi wa mazao hapa Nkwenda, akaletwa kwetu, nyumba hii hii, wakati huo ikiwa ya nyasi. Vijana hamjui, kwa hiyo nitawaeleza. Mugole wa zamani, yaani bibi harusi mgeni, hakutoka nje. Alikaa chumba cha ndani amefunikwa shuka, analishwa, anapakwa mafuta, haonwi na mtu wa nje, hashiki jembe, wiki hata wiki, mpaka siku ambayo wakwe wamepanga kumtoa, na msichana mmoja wa nyumba hiyo anakaa naye. Msichana huyo nilikuwa mimi, nina miaka kumi na mitano, na ndipo urafiki wetu ulipoanza, kwa sababu alikuwa akiniigizia chini ya shuka kila mgeni aliyesikika sebuleni, na mimi nikapigwa sana na mama kwa kosa la kucheka mbele ya mugole.

Sasa, Jumamosi tarehe 23 Novemba 1974, gari la sinema likafika Nkwenda. Watu wote wa nyumba hii walikwenda, mama, kaka zangu, hata baba yetu Mzee Anatory, ambaye alikuwa hajawahi kuona sinema na alivaa kofia mpya kwa heshima yake. Kaka Privatus alijua ni filamu gani inakuja, ila hakumwambia baba, akidhani ataambiwa tu huko huko. Tulibaki mimi na mugole. Tulisikia jenereta, tukasikia kipaza sauti kikitangaza, "Sasa mtamwona Mama Purukushani!", na Restuta akaondoa shuka kichwani akanitazama, sijawahi kuona macho ya mtu yakitaka kitu namna ile. Aliniuliza kama anaweza kutoka hata kwa kufunikwa mikeka miwili, nikamwambia hawezi, na yeye mwenyewe alijua hawezi. Akaenda kuweka sikio ukutani. Ulikuwa msimu wa senene, na mwanga wa sinema uliwaita, kwa hiyo nusu ya watu walikuwa wanatazama na nusu wanaokota senene, lakini kicheko kilipolipuka kililipuka kwa wote, kikapanda kilima kikaingia ndani ya nyasi za nyumba, kikatulia, kikalipuka tena kikubwa zaidi. Restuta alisema, "Hapo nimetumbukia."

Hakuwa amemaliza kusema tulisikia mtu anakuja mbio. Alikuwa Mzee Anatory, bila ile kofia, fimbo ya ng'ombe mkononi, pumzi imemkata. Alikuwa amemwona mkwewe, mugole wake aliyemlipia mahari, yuko hadharani pale sokoni, kichwa wazi, anakimbizana na mwanamume wa watu, na hakukaa kuuliza, alipanda kilima kuja kuona ametokaje. Akasimama mlangoni na kuniamuru, "Anonciata, mfunue!" Nikamfunua. Akamulika tochi, akaona ni yeye, amekaa, mafuta yanamtiririka. Baba akazima tochi, akaiwasha tena, akauliza, "Kama wewe uko hapa, yule kule ni nani?" Restuta, macho chini kama ipasavyo, akajibu, "Na yule ni mimi, tata," yaani baba. Mzee alikaa kizingitini, akaweka fimbo chini, akauliza, "Na ule muramba wote alitoa nani?"

Aliporudi sokoni filamu ilikuwa imekwisha, na alikasirika kuliko mtu yeyote. Wapo wazee wa ukoo waliokuja kesho yake kusema kwamba mugole ameonwa na soko zima, kwa hiyo mwiko umevunjwa, na binti arudishwe kwao, lakini Mzee Anatory aliwajibu kwamba yeye mwenyewe alikimbia kwa miguu yake kwenda kuhakikisha, mugole hakutoka ndani, ushahidi anao, na kama kuna mwingine anayefanana naye anayezurura kwenye kuta za watu, hilo ni la serikali. Kesi ikaishia hapo. Mungu amrehemu baba, alikuwa hakimu mwema.

Tulimwambia mugole asihuzunike, gari litarudi. Mwezi Juni 1976 gari lilirudi kweli, likapiga kambi Kayanga, na Restuta akafunga safari akiwa na mimba ya miezi minane na siku kadhaa, hakusikia la mtu. Hakufika kwenye sinema. Alifika hospitali, na huko tarehe 19 Juni akajifungua mtoto wa kiume. Edgar, simama watu wakuone. Huyu ndiye aliyemkosesha mama yake filamu, na alikumbushwa kila alipoleta ripoti mbaya ya shule. Kaa. Walifuata Joanitha, aliyezaliwa tarehe 2 Machi 1980, na Benitha, tarehe 27 Septemba 1985, na jumla marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu tisa na kitukuu mmoja ambaye amelala pale mgongoni kwa mama yake na hajali.

Mwaka 1977 wapiga picha wale walimrudia, akacheza filamu nyingine mbili, na Mzee Anatory alimruhusu kwa maneno machache, kwamba aende, ila safari hii amwambie mapema. Filamu hizo zilipelekwa mikoa mingine, na kabla hazijafika kwetu vita vikaja. Askari waliopita hapa mwaka 1979 ndio waliotuletea habari zake, mmoja mtu wa Songea alimtambua dukani, akapiga kelele akiita wenzake, wakamzunguka wakimwomba atumbukie kidogo tu, naye akawatumbukia kwenye karai la kufulia, bure, kwa ajili ya nchi. Baada ya vita lile gari halikuonekana tena. Mwaka 1988, alipokwenda Dar es Salaam kwenye semina, aliomba siku moja akaizungukia filamu yake, na kila aliyemuuliza alimwambia kwamba mikanda ya zamani ilihamishwa na haijulikani ilikopelekwa.

Msidhani alikaa akilia. Alikuwa ameanza kazi ya uhamasishaji wa afya mwaka 1984, akaifanya hadi mwaka 2006, na katika kata zote za huku, kabla hatujawa wilaya ya Kyerwa, vyoo vingi mnavyoviona vilichimbwa kwa aibu, kwa sababu alikuwa anasimama sokoni na kuigiza mzee asiye na choo anavyotafuta mgomba mnene, na kila mzee alihisi anasemwa yeye. Mwaka 2009 vijana wa Nkwenda walipoanza kurekodi vichekesho vya video walimfuata, akawa bibi mkorofi katika michezo sita, DVD zake zikauzwa mpaka Rubwera na Bukoba mjini. Tulipomwonyesha kwenye televisheni alijitazama kidogo huku akimenya ndizi, akasema huyu namfahamu, nakutana naye kwenye kioo, mimi namtaka yule msichana.

Na yule msichana kila mtu alimsimulia kivyake. Mmoja alimwambia alitanguliza kichwa, mwingine akaapa kwamba alitanguliza makalio na mbuzi akatumbukia naye, na Mzee Nsabimana, fundi cherehani, alipozeeka alishikilia kwamba aliyetumbukia ni yeye. Ikafika mahali marehemu ananiuliza, "Wifi, hivi nilianguka vipi?", nami namjibu sijui, nilikuwa ndani na wewe. Kaka yangu Privatus, aliyeitazama, angeweza kutusaidia, lakini kila alipoanza kusimulia alicheka kabla ya kufika kwenye mtumbwi, na mwaka 2011 alifariki bila kumaliza.

Mwezi Januari 2025 marehemu alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, akapelekwa hospitali, wataalamu wakagundua kwamba moyo wake umepanuka, nasi tukasema haikuwa siri, tulikuwa tunajua siku nyingi kwamba moyo huo ni mpana. Alitibiwa, akarudi nyumbani, akalazwa tena mwezi Machi. Ni wakati huo Benitha, aliyeko Dodoma, alipopigiwa na rafiki yake kwamba kuna filamu ya zamani mtandaoni yenye mwanamke anayefanana naye kama pacha. Mpiga picha yule wa Chonyonyo alikuwa amefariki, na binti yake, akisafisha nyumba ya marehemu baba yake huko Iringa, alikuta mkanda kwenye kabati la vyombo, akaupeleka kwa mafundi wakauhamishia kwenye kompyuta. Benitha hakumtumia mama yake kwenye simu. Alisema hapana, aione kama watu walivyoiona.

Tarehe 21 Aprili 2025, Jumatatu ya Pasaka, giza lilipoingia, tulitandaza shuka nyeupe kwenye ukuta wa ghala la kahawa, Baba Paroko akatuazima projekta ya parokia, majirani wakajaa uwanja huu mpaka kwenye migomba, na marehemu akaletwa kwenye kiti chake, amefunikwa blanketi, mimi ubavuni kwake. Nami ilikuwa mara yangu ya kwanza. Jamani, alikuwa mzuri. Alikuwa anakimbia kama mtu asiye na mifupa, na alipofika kwenye mtumbwi alitanguliza mguu mmoja, akaurudisha, akatafuta pa kushika, akashika hewa, ndipo akaenda. Uwanja mzima ulianguka. Nililia kwa kicheko, kisha nikamgeukia, nikaona yeye hacheki. Anatazama tu, ametulia, na mimi nikadhani tumemchelewesha mno, miaka yote hiyo ya kungoja na sasa haimfurahishi.

Ilipokwisha akasema irudiwe, kisha akamwambia Edgar ageuze kiti. Edgar alidhani mwanga unamuumiza macho, akakisogeza pembeni, akaambiwa hapana, kigeuze kabisa. Akakaa ameipa filamu mgongo, ametuelekea sisi, na mwanga wa ile picha ukawa unatupiga usoni, watoto walioketi chini, majirani, wazee wasio na meno, Baba Paroko na kikombe chake cha chai. Alitutazama mmoja mmoja. Mtumbwi ulipofika hakuuona, aliuona kwetu, na hapo ndipo alipoanza kucheka, akacheka mpaka blanketi likaanguka, akanishika mkono na kusema, "Kuanguka nilikuwepo, wifi. Nyuso ndizo nilizikosa." Iliwekwa mara tatu nyingine kwa amri yake, na hakugeuka hata mara moja.

Baada ya hapo aliishi nasi wiki saba za furaha. Usiku wa kuamkia Jumanne tarehe 10 Juni 2025 hali ilibadilika, akarudishwa hospitali, na saa mbili asubuhi Mungu akamwita, akiwa na umri wa miaka sabini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa wale wa wodi ya wanawake, ambao walilalamika kwamba wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa hawalali kwa sababu yake, kisha wao wenyewe wakavuta viti. Tunamshukuru Baba Paroko na jumuiya ndogo ndogo, majirani walioleta ndizi, kuni na maji bila kuombwa, wahamasishaji wa afya aliofanya nao kazi, vijana wa video wa Nkwenda, waliolipamba hema hili, na binti wa Iringa, ambaye ametuma salamu zake na hatumfahamu kwa sura, lakini kuanzia leo ni wa ukoo huu.

Mwisho kabisa, tangu asubuhi mmekuwa mkiniuliza kwa nini jeneza limewekwa hivi, miguu imeelekea kwenye viti vyenu, kama wanavyolazwa mapadre kanisani, uso kwa waamini. Ni agizo lake. Baba Paroko alipoombwa alisema kanisani hataruhusu, huko Restuta atamwelekea Mungu kama sisi sote, ila hapa nyumbani alazwe anavyotaka. Kwa hiyo mtakapopita kumuaga, mwenye machozi alie, hakuna anayemkataza, lakini anayekumbuka la kuchekesha nalo likambana, asijifunike mdomo na kitenge wala kugeukia kwenye migomba. Mwonyesheni uso.

Wifi yangu, wako hapa wote. Pumzika sasa kwa amani, umeelekezwa kwao.